Bwana Afya na Samaki wa Mwalimu

Jina analo, tena limeandikwa kwenye hati zake zote, lakini mtaani kwake Nkuhungu ukilitaja watu watakuuliza, "Nani huyo?" Sema Bwana Afya, hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka getini. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulize wengine. Mimi nilimkuta tayari mzee, tayari mstaafu, tayari ana ugomvi na vumbi. Nilipanga vyumba vyake vya uani tangu wizara yetu ilipohamia Dodoma mpaka nilipopata kibanda changu upande wa Mtumba, karibu na kazini. Niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka hiyo yananitosha.

Siku nafika na magodoro yangu kutoka Tanga, nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba," lakini haniangalii mimi, anaangalia ndoo yangu ya maji. Haikuwa na mfuniko.

"Binti, mfuniko uko wapi?"

"Ulivunjika njiani, baba."

Akaingia ndani, akatoka na mfuniko wake, akaujaribu kwenye ndoo yangu, ukakaa. "Sasa karibu," akasema. Hakuniuliza dini yangu, wala kama nina mume au sina. Ndoo imefunikwa, basi mpangaji ni mtu mwenye akili zake. Yaliyobaki aliyaona ni yangu mwenyewe.

Enzi za kazi yake ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, visima na majiko ya mama lishe. Wanasimulia kwamba akionekana mwanzo wa barabara na baiskeli yake, huku mwisho watu wameshaanza kufagia. Alikuwa na misemo yake, na hakuistaafisha alipostaafu. "Uchafu hauna likizo." Huo ulikuwa wa asubuhi, akinikuta bado na shuka begani. "Macho yako si hadubini." Huo ni wa mtu yeyote aliyethubutu kusema kitu ni safi kwa kuwa kinaonekana safi. Na ule alioupenda kuliko yote: "Maji yanayong'aa ndiyo ya kuogopa." Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja, kisha akatia dawa juu yake. Nikamwambia siku moja, "Baba, hayo maji umeyaua mara tatu." Akanijibu kwamba mdudu naye ana roho ngumu.

Wageni nao hawakupona. Ndugu za mkewe wakija kutoka Bahi, mlangoni ni salamu za Kigogo, mbukwenyi kwa wingi, vicheko, kushikana mikono, na Bwana Afya kasimama katikati na jagi la maji na sabuni, anasubiri salamu ziishe ili wanawe mikono. Walimzoea. Mjomba mmoja akawa ananyoosha mikono kabla hajavuka hata kizingiti.

Lakini jamani, mpeleke kwenye shamba la zabibu. Msimu ukifika alikuwa anakwenda kumtembelea rafiki yake mwenye mizabibu, na siku moja alinichukua. Nikamwona Bwana Afya, mtu wa kuua maji mara tatu, anakata kishada chenye vumbi lake, na dawa ya kunyunyizia pengine bado iko juu yake, anakitia mdomoni kama mbuzi. Nikashika kiuno. "Baba! Hunawi? Huoshi?"

"Zabibu haioshwi," akasema, mdomo umejaa. "Ukiiosha inapoteza utamu."

Nilicheka mpaka rafiki yake akaja kuuliza kuna nini. Huyo ndiye mtu wangu.

Mtu mmoja tu ndiye hakukaguliwa katika nyumba ile, na huyo ni mke wake. Sote tulimwita Mwalimu, na yeye mumewe alimwita Mwalimu vilevile. Alifundisha darasa la kwanza miaka na miaka. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walishikishwa chaki ya kwanza na mkono wake. Mwembamba, mpole, lakini sauti! Watoto wakirushiana mawe barabarani, Mwalimu yuko jikoni anasonga ugali, anasema neno moja tu, "Acha!" Hapigi kelele, anasema tu, na utasikia mawe yanaanguka chini. Mimi mwenyewe niliwahi kuachia nguo niliyokuwa naanika, na wala hakuwa akisema na mimi.

Alikulia Bahi, kwenye mbuga ile inayojaa maji miaka ya mvua nzuri. Jioni alipenda kutusimulia jinsi maji yakija, samaki nao wanakuja, hujui wametoka wapi, na wasichana wanaingia na vikapu, tope mpaka magotini, wanakamata kambale kwa mikono. Hapo Bwana Afya alikuwa anaanza kujikuna.

"Mwalimu, yale maji yana kichocho."

"Na mimi si huyu hapa? Mbona nimekuzalia?"

Anacheka yeye kwanza, halafu na mzee anacheka. Walipendana wale watu, na hawakuona haya sisi wapangaji tukijua.

Halafu Mwalimu akapata kiharusi. Alitoka hospitali mkono wa kulia umekufa, ule wa chaki, na ulimi umefungwa. Hakusema hata ndiyo wala hapana. Waliompeleka kwenye kiti cha sebuleni walimgeuza atazame mlango, lakini shingo ilikwenda kushoto yenyewe, ukutani, ikabaki huko. Ukimsemesha kutoka upande wa kulia ni kama hupo duniani. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo alikuwa anakuja kumkanda mkono kwa mafuta ya nazi na kumnyoosha vidole. Alimwambia mzee wazi, mimi nipo: "Baba, akiendelea kuusahau upande wa kulia, mkono huu hautarudi. Mwekee kulia kitu anachokipenda. Ageuke mwenyewe."

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Bwana Afya, na sijawahi kuona mtu akiipokea kazi namna ile. Aliweka redio kulia. Aliweka picha za wajukuu. Alileta kwaya ya kanisani ikaimba upande wa kulia tupu, wamebanana kwenye makochi kama wanapigwa picha. Mwalimu na ukuta wake. Usiku, kuta zetu zikiwa nyembamba, nilikuwa namsikia akimsomea magazeti kutoka kulia, akinyamaza, akianza tena.

Kisha siku moja nikakuta sebuleni, kulia kwa Mwalimu, limewekwa tangi la kioo, lina kokoto, lina pampu ya hewa inayotoa mapovu na filta yenye sponji, na ndani mna samaki wadogo wekundu na weusi. Alikuwa ameagiza kwa kijana anayeuza samaki wa mapambo Dar es Salaam. Mimi mtu wa Tanga, kwetu samaki akiingia ndani ya nyumba yuko njiani kwenda kwenye sufuria, kwa hiyo nilibana midomo nisicheke. Hata sikupata nafasi ya kucheka. Samaki mmoja mwekundu alipita mbele ya kioo, akageuka, akapita tena, na nikaiona shingo ya Mwalimu inaanza kuondoka ukutani. Polepole, polepole, mpaka jicho likafika kwenye tangi. Likamfuata yule samaki.

Bwana Afya alisema anakwenda kuangalia kama tangi la maji la uani limejaa. Nilimsikia huko nje anapenga kamasi. Maji siku hiyo hayakuwa zamu yetu, tangi lilikuwa tupu na alijua.

Siku chache baadaye samaki wakaanza kufa.

Kwanza mwekundu, kaelea ubavu. Kesho yake weusi. Maji yenyewe, wallahi, ungeweza kusoma gazeti ng'ambo ya pili. Bwana Afya akalifanya jambo lile mlipuko wa ugonjwa. Aliweka ndoo ya kunawia mlango wa sebule. Alituita wapangaji wote, akatupanga ukumbini. "Nani ameshika kioo kwa mikono yenye mafuta?" Hakuna. "Nani ametupia mkate?" Hakuna. Jirani wa pili akasema ni jicho la watu, tukaombe. Mzee akamwambia sala aipeleke, ila anawe kwanza. Ikatoka amri: kioo hakishikwi na mtu yeyote, na alama ya kidole ikionekana tutaitwa upya.

Akaagiza samaki wengine. Na kila alfajiri, kabla hata mimi sijaamka kujiandaa na kazi, nilisikia maji. Anawatoa samaki, anawaweka kwenye beseni, anamwaga maji yote ya tangi. Kokoto anazichemsha. Sponji ya filta anaifua kwa sabuni, anaisuuza kwa dawa. Kioo anakisugua. Kisha anajaza maji mapya ya bomba, na juu yake anatia matone ya dawa ya maji, kama ya kunywa. Maji ya Dodoma unayajua yalivyo ya mgao, na vilevile hakupoteza tone: aliyomwaga yalikwenda kwenye mpapai wa nyuma ya jiko, ukanawiri ajabu. Mpapai ulistawi na samaki wakafa. Wote.

Hapo sasa ndipo nilipoogopa. Mwalimu alikuwa amezoea kutazama. Tangi likiwa tupu alilitazama bado, siku moja, mbili, halafu shingo ikarudi ukutani, na safari hii na mdomo ukafungwa. Ukimpelekea kijiko cha uji anabana meno. Dada wa mazoezi akaja, akaukunja mkono, akaangalia chini.  Bwana Afya alimsindikiza mpaka getini na aliporudi nikamwona ameshika ukuta.

"Binti," akaniambia, "mimi nimezuia kipindupindu kwenye kata nzima. Samaki wa sebuleni wananishinda."

 Nikamwambia, "Pole, baba." Akaagiza samaki kwa mara ya tatu.

Ilikuwa Jumamosi, siendi kazini, nimekwenda kumjaribu Mwalimu na uji wa karanga. Samaki wapya walikuwa na siku mbili tatu tu. Mwalimu ameshageuka kulia, anawaangalia, na mimi nimefurahi, kijiko kimoja kimepita. Lakini wawili wamepanda juu ya maji, wanahema midomo nje. Hata mimi nilijua kinachofuata. Bwana Afya akaingia na ndoo, mpira wa kunyonyea maji, sponji mpya, amekunja mikono ya shati.

"Leo nasafisha mpaka wakome," akasema. Akapiga magoti, akaingiza mpira kwenye tangi.

"Acha!"

Nilidhani ni redio ya jirani. Kijiko kilikuwa kimeshanitoka. Bwana Afya alibaki pale pale na mpira mkononi, mgongo umekakamaa, hageuki.

"Mwalimu?" akasema.

"Acha," akasema tena Mwalimu. Safari hii ulimi ulikuwa mzito, neno lilitoka limejikunja, lakini lilikuwa lake, la darasa la kwanza kabisa. Jicho lake halikuwa kwa samaki. Lilikuwa kwa mumewe, upande wa kulia.

Mzee akautoa mpira kwenye maji. "Nimeacha, Mwalimu. Nimeacha, mama." Akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akalia waziwazi, na mimi nikalia na uji wangu. Miezi yote ile hatukuwa tumeisikia sauti ile.

Alipotulia akampigia yule kijana wa Dar es Salaam, simu akaiweka sauti kubwa ili Mwalimu asikie.

"Kijana, samaki wako wanakufa."

"Shikamoo, mzee. Ile sponji ya filta, unaiosha?"

"Kila siku."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba. Na sabuni. Na dawa."

"Lahaula! Mzee, si nilikuambia usioshe?"

Na kweli alimwambia. Alimwambia tangu mwanzo, na mzee akaitikia ndiyo ndiyo, kisha akakata simu akatuambia huyu ni mfanyabiashara tu, hajui afya. Hebu fikiria, mtu anamwambia Bwana Afya asioshe! Sasa ndiyo akasikiliza. Kijana akamweleza taratibu kwamba uchafu wa samaki wenyewe ndio unaogeuka sumu ndani ya maji, na kuna vijidudu vinavyokaa kwenye kokoto na kwenye sponji, ndivyo vinavyoila sumu ile. Tangi jipya halina vijidudu hivyo, vinahitaji wiki kadhaa kuzaliana. "Wewe kila vikianza unaviua, mzee. Na ile dawa ya maji inawaunguza samaki matamvua yao ya kupumulia. Maji yako yanang'aa, lakini ni sumu. Badilisha kidogo tu, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo, na sponji uiache."

Bwana Afya aliitazama sponji ndani ya tangi. Kisha akasema, "Alaa."

Mwalimu aliyajua hayo? Sijui. Mzee mwenyewe aliamini anayajua, kwamba mtoto wa Bahi ameshika samaki kwenye tope tangu utotoni, na akiona maji yanang'aa hivyo lazima amwonee samaki huruma. Mimi nadhani alichoka tu kuona wanasumbuliwa. Vyovyote, mzee aliacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuosha. Maji yakaingia ukungu, kisha yakapata rangi ya chai ya rangi iliyopoa, mwani ukaota pembeni, na yeye anapita mbele ya tangi amebana mikono kwapani isije ikamponyoka. Samaki mmoja alikufa. Waliobaki hawakufa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hawakufa.

Ungedhani angeficha aibu ile. Thubutu! Kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu aliowafungia majiko zamani, alisimama akaeleza jinsi alivyoua samaki kwa usafi, makundi mawili mazima. Watu wakacheka. Mama lishe mmoja wa siku nyingi akamwuliza kama na yeye sasa aache kuosha masufuria. "Wewe osha," akamjibu. "Ripoti ni ripoti, hata mkosaji akiwa ndiye mkaguzi." Akaketi. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote.

Mwalimu hakupata maneno mengi. Acha, maji, njoo, na majina ya wajukuu wawili watatu. Lakini shingo ilinyooka, na siku moja baada ya kukandwa, mkono bado unang'aa mafuta ya nazi, nikamwona anauburuza kwenye paja. Ule wa kulia. Ukapanda kidogo, ukaanguka, ukapanda tena, mpaka vidole vitatu vikagusa kioo mahali samaki alipokuwa. Vikateleza chini, vikaacha michirizi. Nilitoka mbio kumwita mzee, tukasimama mlangoni wote wawili, hakuna aliyethubutu kuingia. Tangu hapo alikigusa kioo mara nyingi. Alifariki mwaka juzi, mimi nikiwa nimeshahamia Mtumba, kwa utulivu, kwenye kiti chake. Nilikwenda msibani, nikalala pale na wanawake wenzangu.

Mwaka huu, mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa kwenye hasira zake, nilipita kumjulia hali. Geti lilikuwa wazi. Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti cha Mwalimu, amekonda, magoti hayamchukui tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Ndoo yako ina mfuniko?"

"Inao, baba. Ule ule."

Akaridhika. Tukaongea habari za kazi, za mvua ya mwaka jana, za mpapai ambao siku hizi hauzai. Sebule ilikuwa imefagiwa, meza imefutwa inang'aa, ndoo ya kunawia iko mlangoni kama zamani. Samaki walikuwepo kwenye maji yao ya rangi ya chai, wamenenepa, mmoja anakaribia kiganja changu. Ila kioo cha mbele kilikuwa na vumbi jekundu, vumbi la siku nyingi, limeshika kwa michirizi mitatu mitatu. Moyo ukaniuma. Nikasema moyoni, mzee wangu kazeeka, hata kufuta kioo hawezi, na hakuna wa kumfutia. Nikanyanyuka, nikachukua kitambaa mezani, nikakichovya kwenye maji ya kunawia, nikainama.

"Acha."

Hakupaza sauti. Nilibaki nimeinama, kitambaa kinadondosha maji, na ndipo nikaitazama ile michirizi vizuri. Ilianzia kwenye kimo cha mkono wa mtu aliyeketi kwenye kile kiti. Mahali pengine vidole vitatu, mahali pengine, juu zaidi, vinne. Mafuta ya nazi yalikuwa yameshika vumbi la miaka miwili, na hakuna mtu aliyepitisha kitambaa hapo tangu Mwalimu alipofariki.

"Nimeacha, baba," nikamwambia.

Nikakirudisha kitambaa mezani, nikavuta kigoda upande wake wa kulia, tukakaa tunawaangalia samaki.